TV Unayoposti ni 4K Kweli, au ni Boksi Tu Ndo Linasema?

 

Leo tunaongelea TV. Mahindi yakishauzwa hela inaingia mtaani, na vitu vya kwanza watu kuulizia ni bati, pikipiki na TV. Mpira nao unasukuma. AFCON ya 2027 imepangwa kuchezwa hapahapa kwetu, Tanzania, Kenya na Uganda, kwa hiyo TV zitaulizwa sana. Hela ipo kwenye biashara hii. Ugomvi nao upo, na mara nyingi unaanzia kwenye maneno uliyoyaandika mwenyewe kwenye posti.

Inakuwaje? Muuzaji wa jumla Kariakoo anakutumia picha na maelezo: "Inchi 43, 4K Ultra HD, HDR, 200Hz, Smart Android, double glass, king'amuzi ndani." Unanakili kama yalivyo, unaweka stetasi, unaongeza bei yako. Mteja anatuma hela. Mzigo unafika, anawasha, anaona picha ileile aliyoizoea kwenye TV yake ya zamani. Anaanza kukupigia.

Sasa mteja huyo hamjui yule wa Kariakoo. Anakujua wewe, skrinshoti ya maneno yako anayo, na kesho mnakutana sokoni. Kurudisha TV Dar ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kupitia Tunduma, Mbeya na Iringa, na nauli ya mzigo hakuna atakayekurudishia. Kwa hiyo ukiandika neno kwenye posti, linakuwa ahadi yako, hata kama ulilikuta kwenye boksi.

Tupitie maneno hayo moja moja. Lipi ni kweli, lipi ni mbwembwe za biashara, na mteja wako aambiwe nini.

1. HD, FULL HD NA 4K: HESABU YA VIDOTI

Picha ya TV inatengenezwa na vidoti vidogo sana vinavyoitwa pikseli. Vikiwa vingi, picha inaweza kuwa na maelezo mengi zaidi. Haya ndo madaraja:

HD au HD Ready: pikseli 1366 kwa 768. Jumla ni kama milioni 1.
Full HD: 1920 kwa 1080. Kama milioni 2.
4K au Ultra HD: 3840 kwa 2160. Kama milioni 8.3.
8K: 7680 kwa 4320. Kama milioni 33.

Jina "HD Ready" lilianzia Ulaya mwaka 2005. Wenye viwanda walikubaliana kwamba TV ikiwa na angalau mistari 720 inaweza kubeba nembo hiyo. Kwa hiyo HD Ready sio feki. Ni daraja la chini, lakini ni daraja halali, na TV nyingi za inchi 24 na 32 za bei nafuu ni za daraja hilo. Ukiiuza kwa jina lake hakuna tatizo. Tatizo linakuja ukiiuza kwa jina la daraja la juu.

2. NENO LINALOUMIZA WENGI: "SUPPORT"

Angalia boksi vizuri. Utakuta "4K" imeandikwa kwa herufi kubwa, halafu pembeni kwa maandishi madogo kuna "supported". Wengine wanaandika "Full HD input" au "1080P HD".

Maana yake ni kwamba TV inaweza kupokea picha ya 4K kutoka kwenye flashi au waya. Ikishapokea, inaipunguza ili itoshe kwenye kioo chake chenye pikseli milioni 1. Ni kama kumimina debe la maji kwenye jagi. Debe lilikuwa limejaa kweli, ila utakachokunywa ni kile kilichobaki kwenye jagi.

Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji wa jumla sio "hii ni 4K?" Atajibu ndio. Uliza hivi: "Kioo chenyewe kina pikseli ngapi kwa ngapi?" Akikwepa, au akisema "boss hii inasapoti mpaka 4K", umeshapata jibu lako.

Njia ya kuhakiki mwenyewe: chomeka laptopu kwa waya wa HDMI, weka ukubwa wa picha 1920 kwa 1080, fungua ukurasa wenye maandishi madogo. Kioo cha Full HD kitaonyesha herufi zilizokatika vizuri. Kioo cha HD kitaonyesha herufi zimetandaa kama zimelowana. Angalia pia namba ya modeli kwenye karatasi ya nyuma ya TV, si kwenye boksi peke yake, halafu itafute kwenye tovuti ya kampuni yenyewe.

3. HATA 4K YA KWELI INATEGEMEA KINACHOINGIA

Hapa ndo penye siri ambayo wauzaji wengi hawamwambii mteja. TV haiwezi kuonyesha ubora ambao haujaingia. Jiulize mteja wako wa Kizwite anaangalia nini kila siku.

Kama ni king'amuzi: kimechomekwa kwa waya gani? Zile nyaya tatu, nyekundu, nyeupe na njano, zinapitisha picha ya ubora wa kawaida tu, ya enzi za TV za kichogo. Mtu ananunua 4K ya inchi 55, fundi anachomeka nyaya tatu, halafu mteja anasema "picha ina ukungu". TV haina kosa hapo. Mwambie aangalie nyuma ya king'amuzi kama kuna tundu la HDMI, anunue waya wa HDMI, halafu aingie kwenye mipangilio ya king'amuzi aweke 1080. Waya huo ni bei ndogo sana ukilinganisha na TV, na mara nyingi unabadilisha picha kuliko kubadilisha TV yenyewe. Ukiwa mjanja, uza TV na waya kwa pamoja. Ukumbuke tu kwamba waya hauongezi ubora kwenye chaneli yenyewe: ile iliyorushwa kwa ubora wa kawaida itabaki ya kawaida.

Kama ni intaneti: YouTube wanashauri kasi ya karibu Mbps 5 kwa Full HD, na karibu Mbps 20 kwa 4K. Netflix wanasema video ya HD inaweza kula mpaka GB 3 kwa saa, na ya 4K mpaka GB 7 kwa saa. Piga hesabu: saa moja na nusu kwa 4K inaweza kumaliza zaidi ya GB 10. Mteja anayeunganisha TV kwenye bando la simu yake ataangalia kwa ubora wa chini, atake asitake.

Kama ni flashi yenye muvi za kwenye vibanda: nyingi zimebanwa ziwe ndogo. Zitaonekana kama zilivyobanwa.

Halafu kuna suala la umbali. Mtu mwenye macho mazuri akikaa zaidi ya mita 1.8 kutoka kwenye TV ya inchi 32 yenye HD Ready, hawezi tena kutofautisha pikseli moja na nyingine. Akiwekewa Full HD ya inchi 32 kwa umbali huohuo, hatapata faida kubwa. Kwa inchi 43, Full HD inatosha kuanzia kama mita 1.7. Kwa inchi 55, ni kama mita 2.2. Pima sebule ya kawaida ya kwetu, kutoka ukutani mpaka kwenye kochi, utapata jibu.

Kwa hiyo mteja mwenye king'amuzi na sebule ya kawaida, inchi 43 ya Full HD kutoka kampuni inayoeleweka itamfaa kuliko "4K" ya jina lisilojulikana kwa bei ileile. Mwambie hivyo. Ukimshauri hela yake isipotee, huyo atakuletea shemeji yake.

4. LED, QLED, OLED: HERUFI ZINAFANANA, VITU SIVYO

"LED TV" ni TV ya kioo cha LCD ambayo nyuma yake inamulikwa na taa ndogo za LED. Za zamani zilimulikwa na taa za mirija. Yaani kilichobadilika ni taa, kioo ni LCD ileile. Mwaka 2009 mamlaka ya kusimamia matangazo Uingereza, ASA, iliona kwamba tangazo la Samsung la "LED TV" lilikuwa linaweza kumfanya mtu aamini picha yenyewe inatengenezwa na LED. Kwa hiyo mbwembwe hizi hazikuanzia Kariakoo, na kampuni kubwa nazo zimewahi kuambiwa zirekebishe maneno.

QLED nayo ni LCD, ila imeongezewa tabaka maalumu linaloboresha rangi. Ni nzuri, lakini bado inamulikwa kwa nyuma.

OLED ni kitu kingine kabisa. Kila pikseli inatoa mwanga wake na inaweza kuzima yenyewe, ndo maana nyeusi yake ni nyeusi kweli. Bei yake iko mbali sana na hizo nyingine. Ukiona "OLED inchi 43 bei ya kutupa", shtuka. OLED za kweli zinaanzia inchi 42, na hazijawahi kuwa za kutupa.

Sasa muuzaji akisoma QLED kwa haraka akaandika OLED kwenye posti, amemuuzia mtu kitu asichonacho. Herufi moja tu, lakini ni hela nyingi.

5. NAMBA ZA KUPUUZA

Hz. Hii ni mara ngapi kwa sekunde kioo kinabadilisha picha. TV nyingi za bei ya kawaida ni 60Hz. Ukiona "200" au "800" yenye jina la kuvutia mbele yake, hiyo ni hesabu ya kampuni yenyewe, na kila kampuni ina fomula yake. Kwa taarifa ya habari na mechi za king'amuzi, 60Hz inatosha. 120Hz ya kweli inamfaa zaidi mtu wa gemu mwenye PS5 au mfano wake.

Kontrasti 1,000,000:1. Wanapima taa ikiwa imewaka mpaka mwisho kwenye picha nyeupe, halafu wanaizima kwenye picha nyeusi, wanagawanya. Lakini wewe hauangalii picha mbili kwa nyakati mbili, unaangalia picha moja. Vioo vingi vya LCD kwa kipimo cha kweli viko kati ya 1000:1 na 5000:1. Usiandike hiyo milioni.

HDR. Ni teknolojia nzuri ya kuonyesha mwanga mkali na giza kwa pamoja. Ila inahitaji kioo chenye mwanga mwingi. Filamu nyingi za HDR zinatengenezwa kwa kufikiria mwanga wa niti 1000, wakati TV nyingi za bei nafuu zinatoa niti 250 hadi 300. Zinapokea HDR, zinashindwa kuionyesha. Ni "support" ileile ya namba 2.

PMPO. Hii mnaijua kutoka kwenye sabufa: "5000W PMPO". Hakuna kipimo kilichokubalika cha PMPO, kila mtu anaandika anachotaka. Geuza sabufa, soma karatasi ya nyuma inasema inatumia umeme wati ngapi. Ikisema 60W, basi hiyo 5000 imetoka wapi? Spika haiwezi kutoa nguvu nyingi kuliko inayoingia kutoka ukutani, ukiacha mshtuko wa sekunde kidogo. Andika RMS kama ipo. Spika za TV zenyewe mara nyingi ni 8W au 10W mbili. Andika hivyohivyo.

Double glass. Hiki ni kioo cha ziada cha kulinda mbele. Kwenye nyumba yenye watoto wanaorusha mpira ni faida ya kweli, itangaze. Lakini hakifanyi picha iwe nzuri zaidi, na kinaweza kuakisi mwanga wa dirishani. Na "haivunjiki" usiandike kamwe. Kioo ni kioo.

6. INCHI: CHUKUA FUTIKAMBA

Inchi za TV zinapimwa kwa kukatisha, kutoka kona ya chini mpaka kona ya juu upande wa pili, na unapima kioo kinachowaka, bila fremu. Inchi moja ni sentimita 2.54. Kwa hiyo:

Inchi 32: sentimita 80 hadi 81.
Inchi 43: sentimita 108 hadi 109.
Inchi 55: sentimita 139 hadi 140.

Ukipima "32" ukapata sentimita 74, hiyo ni inchi 29, na mteja mwenye futikamba atajua siku ya kwanza.

Hapa kuna ukweli unaokusaidia kuuza. Eneo la picha linakua haraka kuliko inchi. Kutoka 32 kwenda 43, eneo linakaribia kuwa mara 1.8. Kutoka 32 kwenda 55, ni karibu mara 3. Mteja anayetaka mabadiliko ya kuonekana kwa macho, mara nyingi ukubwa utamridhisha kuliko kupanda daraja la pikseli. Hii unaweza kuitangaza bila kudanganya mtu.

7. "SMART" IPI?

Smart maana yake TV inaingia intaneti. Lakini kuna Smart na Smart. Zipo zenye Google TV au Android TV rasmi, zenye duka la programu la Google. Zipo zenye mfumo wa kampuni yake, kama Tizen wa Samsung na webOS wa LG. Na zipo zilizowekewa Android ya bure kama ya simu, bila kibali cha Google. Hizi za mwisho zinafungua YouTube leo, lakini Netflix inaweza kugoma au kuonyesha kwa ubora mdogo, na programu zikibadilika zinaachwa nyuma.

Angalia pia RAM na nafasi. TV yenye RAM ya GB 1 na nafasi ya GB 8 itakuwa nzito baada ya programu chache. Ukiiuza, sema ukweli: "YouTube inafungua vizuri, tumejaribu." Na ujaribu kweli.

8. "KING'AMUZI NDANI"

Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, kuanzia Dar es Salaam, halafu mikoa mingine ikafuata. Tangu hapo TV ya zamani bila king'amuzi ikawa haishiki chaneli. Ndo maana neno "king'amuzi ndani" linauza sana.

Maana yake halisi ni kwamba TV ina kipokezi cha DVB-T2, cha antena, na nyingine zina DVB-S2, cha dishi. Kipokezi hicho kinashika chaneli zilizo wazi, zisizofungwa. Chaneli za kulipia haziwezi kufunguka kwa sababu zinahitaji king'amuzi cha kampuni husika na kifurushi chake. Mteja akisoma "king'amuzi ndani" anafikiri ameagana na malipo ya kila mwezi. Andika hivi: "Ina kipokezi cha antena cha kidijitali. Chaneli za kulipia zitahitaji king'amuzi chako."

Kwa mnaouza mtumba, hapa muwe makini mara mbili. TV iliyotumika Japani imetengenezwa kwa umeme wa volti 100, na ya Marekani kwa volti 120. Sisi tunatumia 230. Zipo zinazovumilia 100 mpaka 240, na zipo ambazo ukichomeka tu unasikia harufu. Soma karatasi ya nyuma kabla hujachomeka. Halafu mifumo yao ya antena ni tofauti na yetu, kwa hiyo hata ikiwaka itahitaji king'amuzi.

9. KITU AMBACHO POSTI NYINGI ZIMESAHAU: UMEME

Rukwa kwa miaka mingi imekuwa ikitumia umeme unaotoka Zambia. Wote mnajua inavyokuwa umeme ukipungua nguvu jioni, au ukirudi ghafla baada ya kukatika. Kwa mteja wetu, mstari wa umeme kwenye karatasi ya nyuma una faida kuliko HDR.

Tafuta pameandikwa "AC 100-240V" au zaidi ya hapo. TV yenye uwanja mpana wa volti inavumilia umeme ukishuka. Iandike kwenye posti! Mshauri mteja achukue na kifaa cha kulinda TV, kile kinachochelewesha umeme ukirudi. Hapo unaongeza mauzo na unapunguza simu za kulalamika.

Pili, wati. TV inayokula 100W ikiwashwa saa 5 kwa siku inatumia nusu yuniti kwa siku, yuniti 15 kwa mwezi. Mteja aliyeko kundi la matumizi madogo, lile la D1 lenye kikomo cha yuniti 75 kwa mwezi, atataka kujua hilo kabla ya kununua inchi 65.

Tatu, sola. Vijijini huku Ufipa na kushuka bonde la Ziwa Rukwa, wateja wengi wanatumia sola. Wao usiwatangazie 4K. Watangazie TV ya volti 12 inayochomekwa moja kwa moja kwenye betri, bila inveta inayopoteza umeme njiani. Mfano wa hesabu: TV ya 30W kwa saa 5 inakula wati-saa 150. Betri ya 12V yenye 50Ah ina wati-saa 600, na kwa afya ya betri za kawaida unatumia nusu, yaani 300. Kwa hiyo taarifa ya habari, tamthiliya na mechi vinatosha, taa nazo zinabaki kuwaka. Ukimpigia mteja hesabu hiyo kwenye inboksi, hataenda kwa muuzaji mwingine.

10. SASA ANDIKA POSTI HIVI

Posti ya mbwembwe:

"TV KALI MPYA!! Inchi 43 4K ULTRA HD 200Hz HDR DOUBLE GLASS haivunjiki!! King'amuzi ndani, sahau malipo!! Bei njoo inboksi."

Posti ya muuzaji anayetaka kubaki kwenye biashara:

"TV mpya inchi 43 (tumepima, sentimita 108). Kioo Full HD, 1920 x 1080. Smart, YouTube tumejaribu inafungua. HDMI 2, USB 2. Ina kipokezi cha antena. Chaneli za kulipia zitahitaji king'amuzi chako. Kioo cha ziada cha kulinda mbele. Umeme 100-240V, inatumia 75W. Spika 8W mbili. Waranti mwaka 1, matengenezo ni kupitia kwetu hapa Sumbawanga. Inawashwa mbele yako kabla hujaichukua. Bei ..."

Kwenye hizo nukta andika bei. Ndio, andika. Anayekimbia bei hakuwa mteja wako.

Kuhusu waranti, usiandike "miaka 2" kwa sababu tu boksi limesema. Uliza: TV ikiharibika anaitengeneza nani, na wapi? Kama jibu ni Dar, mwambie mteja ni Dar na nauli ni ya nani. Afadhali waranti ya miezi 6 unayoweza kuitimiza.

Na mzigo ukifika, TV isafirishwe imesimama, isilazwe. Ikifika stendi, iwashwe kabla hujasaini kupokea. Piga video boksi likifunguliwa. Hiyo video itakulinda kwa msafirishaji na kwa mteja.

SHERIA INASEMAJE?

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa, na msimamizi wake ni Tume ya Ushindani, FCC. Sheria haisemi mitandao haihesabiwi. Kusema "mimi ni mdogo, nilinakili tu" sio kinga, kwa sababu posti ni yako na hela umepokea wewe. FCC haohao ndo wanaokamata bidhaa bandia, kwa hiyo TV yenye jina la kampuni kubwa lililobadilishwa herufi moja usiiguse hata kama faida ni nono.

Lakini hata tukiweka sheria pembeni, mji wetu sio mkubwa. Ukimuuzia mtu wa Kizwite TV ya HD kwa jina la 4K, wiki hiyohiyo habari itakuwa imefika Laela. Ukimwambia ukweli akapata alichotegemea, hiyo nayo inafika.

KABLA HUJAPOSTI TV YOYOTE, JIBU HAYA SABA:

1. Kioo kina pikseli ngapi kwa ngapi, na nimehakiki au nimeambiwa?
2. Nimepima inchi kwa futikamba?
3. Mteja wangu anaangalia king'amuzi, intaneti au flashi?
4. Inatumia volti na wati ngapi?
5. Smart yake ni ipi, na nimeijaribu?
6. Kuna neno "support" popote nililolificha?
7. Ikiharibika, nani anatengeneza na wapi?

Ukiwa na majibu yote saba, posti kwa kujiamini. Ukikosa mawili, mpigie kwanza muuzaji wako wa jumla.

Una boksi la TV au sabufa lenye maneno usiyoyaelewa? Piga picha karatasi ya nyuma, iweke hapo chini kwenye komenti, tuisome pamoja. Na mtag mwenzako anayeuza TV, posti hii itamfaa kabla mzigo wake haujatoka Dar.